Pembe Kubwa ya Tulwop Soet

Mathenge alipoanza kupoteza macho, kitu alichokataa kukiacha hakikuwa gari wala duka. Gari aliliuza bila maneno mengi, na duka lake la vifaa vya ujenzi pale Free Area akamwachia mpwa wake. Alichokataa kuacha ni milima. Kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa kikundi cha wapanda milima cha Nakuru, yeye mbele na fimbo yake, wengine nyuma, na nyuma kabisa ya wote mkewe Wangare, aliyeshona sare za shule mtaani Bondeni siku za kazi na kubeba chupa za chai Jumamosi.

Kikundi kizima kilimwita Mama Mkia. Jina hilo alilibuni Mathenge mwenyewe, siku moja kule Menengai, alipogeuka akamwona mkewe akihema juu ya jiwe.

"Hakuna haja ya kuhesabu watu," aliwaambia wenzake. "Mkiona mkia, mjue ng'ombe ameisha."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wangare naye akacheka. Angefanya nini? Tangu siku ile, hata binti yao Sue alipoolewa, kuna watu waliosimama kwenye hema la harusi wakasema wanamshukuru Mama Mkia kwa chakula kizuri.

Sasa, juu ya Rongai, ukishayapita mashamba ya mahindi na kuuacha msitu nyuma, kuna mlima ambao wenyeji wanauita Tulwop Soet, yaani kilima cha nyati. Zamani sana ulikuwa volkano. Mvua na upepo vimeutafuna hadi upande wake mmoja wote umeporomoka, kukabaki ukingo wa mawe uliopinda, na juu ya ukingo huo pembe mbili. Pembe Ndogo hupandwa na yeyote mwenye miguu. Pembe Kubwa ni habari nyingine. Kuifikia, lazima uvuke shingo nyembamba ya mwamba, korongo huku na korongo kule, kisha uingie katika ufa uliosimama wima na kupanda kwa viganja, magoti na mgongo, mpaka juu kabisa ambako wapimaji wa ardhi wa enzi za wakoloni walijenga nguzo ya saruji.

Mathenge hakuwahi kuifikia nguzo hiyo. Mara ya kwanza ukungu ulimrudisha, mara nyingine mvua, mara nyingine goti. Na mara ya mwisho hakukuwa na ukungu wala mvua. Alifika shingoni, akautazama ufa, akainama kufunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana. Alipoinuka, Gedion, kijana fundi wa magari aliyejiunga na kikundi mwaka uleule, alikuwa tayari ameshapanda na anapiga mbinja kutoka juu. Kuanzia wiki ile watu walianza kumuuliza Gedion safari inayofuata ni ya wapi.

Halafu presha ya macho ikaja, ikachukua kilichokuwa kimebaki. Mathenge alibaki kuona mwanga na kivuli tu, kama mtu anayetazama dunia kupitia gunia.

Aliwaomba wenzake wampeleke Tulwop Soet mara moja ya mwisho. Gedion alikuja nyumbani kumjibu mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akaongea kwa adabu. "Mzee, tutakupeleka Menengai. Pale juu tutakuwekea kiti, tuchome nyama. Lakini ile nyingine, hapana. Ukianguka mimi nitaambia watu nini?"

Mathenge alimsindikiza hadi mlangoni akipapasa ukuta. Aliporudi akasema, "Mama Sue, Jumamosi tunaenda Tulwop Soet."

"Na nani?"

"Na wewe. Kwani wewe huna macho?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi ile, jua likiwa bado halijakausha umande, wawili hao walisimama mwisho wa mashamba, mbele ya boma la Kosgei, mfugaji ambaye ndiye hupeleka wageni juu. Kosgei alimtazama Mathenge usoni, akapitisha mkono polepole mbele ya macho yake. Mathenge hakupepesa.

"Mzee," Kosgei alisema, "mimi sipeleki mtu haoni huko juu. Hiyo mawe inavunjika kama mkate ya juzi. Hata mbuzi zangu zinaanguka."

"Mbuzi zako hazijapanda milima ninayoijua mimi," Mathenge alijibu. "Nimekulipa mara ngapi wewe? Leo umekuwa daktari wa macho?"

"Si kulipa, mzee. Ni roho."

"Basi kaa na roho yako hapa na mbuzi zako."

Kosgei akamgeukia Wangare. "Mama, kama ni lazima, usipitie Pembe Ndogo. Kuna njia ya ng'ombe inazunguka chini yake, inatokea shingoni. Fikeni hapo, mpumzike, mrudi. Na namba yangu unayo."

Wangare alifunga leso kiunoni, akaacha ncha yake ndefu nyuma, Mathenge akaishika. Wakaanza kupanda kati ya vichaka vya leleshwa na miti ya mitarakwa, Wangare akimtangazia kila mzizi na kila jiwe.

"Jiwe kubwa. Inua mguu. Tope hapa. Mti umelala, ruka."

"Sema mapema! Unasema nikishagonga."

"Mteremko mdogo."

"Leo mkia uko mbele," Mathenge alisema, akajichekea. "Dunia imepinduka kweli."

Hakunyamaza njia nzima. Akiteleza, ni kosa lake Wangare. Wakienda polepole, ni kwa sababu anavuta miguu kama anayekwenda kuombea maiti. Wakienda haraka, anataka kumuua. Wangare alimsikiliza kama anavyosikiliza cherehani ya jirani. Alikuwa ameshayazoea maneno hayo kiasi kwamba yangekoma angeshtuka.

Waliufuata ushauri wa Kosgei, wakazunguka chini ya Pembe Ndogo kwa njia ya ng'ombe, na saa za mchana wakatokea shingoni. Mawingu yalikuwa yameshuka, jua halikuonekana. Wangare akasimama. Kushoto kwake mwamba ulikatika ghafla, na chini kabisa aliona vilele vya miti vikiwa vidogo kama sukumawiki shambani. Kulia vilevile. Mbele yao Pembe Kubwa ilikuwa imesimama, nyeusi na yenye unyevu, na ule ufa katikati yake.

Alikuwa ameuona mara nyingi, akiwa mwisho wa mstari, na siku zote aliutazama kama unavyotazama mlango wa nyumba ya mtu usiyemjua. Sasa aliutazama akiwa ameshika mkono wa mtu asiyeona.

"Baba Sue, tumefika shingoni. Turudi."

"Mwamba uko wapi?"

"Hautapandika. Umeloa."

"Nimekuuliza uko wapi! Nionyeshe tu, uniwekee mkono kwenye jiwe la kwanza, halafu wewe rudi ukakamue mbuzi na Kosgei."

Angepanda. Wangare alijua hivyo bila shaka yoyote. Angeingia kwenye ule ufa akipapasa, na angefika kimo cha mtu, au vimo viwili, kisha angerudi chini bila kugusa kitu. Alikuwa ameanza kusogea tayari, fimbo ikitafuta mbele yake. Na Wangare, ambaye hakuwahi kumdanganya mumewe zaidi ya bei ya kitambaa, alimshika mabega.

"Haya," alisema. "Simama. Geuka hivi. Kidogo tena. Sasa twende."

Alimgeuza akatazama walikotoka. Akampandisha Pembe Ndogo.

Alimpandisha kwa upande wa shingoni, ambao haupitwi na watu kwenda juu, mkali kiasi cha kumfanya mtu ashike mawe kwa mikono yote miwili. Mathenge alisita mara moja tu.

"Mbona upepo uko usoni? Ulikuwa mgongoni."

"Huku juu upepo unazunguka."

Alinusa kama mbwa, akakubali. Wangare alikaa chini yake, akichukua kila kiatu cha mumewe kwa mikono na kukiweka mahali pake. Mchanga ulimwagika machoni mwake. Jiwe moja likabanduka chini ya mkono wa Mathenge, likapita karibu na kichwa cha Wangare, akalisikia likigonga mara kadhaa, halafu likaacha kugonga.

"Shika mguu vizuri!" Mathenge alifoka. "Unashika kama mtu anayepima suruali."

Kisha mwamba ukaisha. Mathenge alinyoosha mkono juu, hakupata kitu, akajivuta, akalala kifudifudi juu ya Pembe Ndogo akihema. Alikaa hivyo kitambo, shavu kwenye jiwe.

"Nguzo iko wapi?"

Wangare hakuwa ameifikiria nguzo. Alitazama huku na huku, akaona rundo la mawe ambalo wapandaji hulipanga pale, akaupeleka mkono wa mumewe juu yake.

"Wameivunja, Baba Sue. Watu wa vyuma chakavu. Imebaki mawe."

"Washenzi," Mathenge alisema. "Washenzi kabisa." Lakini aliyapapasa mawe yale moja moja, kwa upole ambao Wangare hakukumbuka kuuona mikononi mwake, kisha akaanza kulia. Alilia waziwazi, kamasi zikamshuka kwenye masharubu. Wangare akakaa kando yake na moyo ukamlainika. Alijiambia amefanya vyema. Nani ameumia? Mtu amepata alichokitaka, na wote wawili wako hai. Alimimina chai, akampa kikombe mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi njaa.

Mathenge alikunywa, akajifuta uso, akatoa simu na kumwambia Wangare ampigie Gedion. Kulikuwa na mtandao mzuri. Wangare akaiweka kwenye spika.

"Gedion! Wajua niko wapi? Niko juu! Pembe Kubwa, bwana! Nimekaa hapa nakunywa chai!"

"Mzee, wacha mchezo!" Nyuma ya sauti ya Gedion kulisikika nyundo za gereji, na mwanamke anayeuliza ni nani. Wangare aliitambua sauti, ilikuwa ya Valarie, mweka hazina wa kikundi. "Umepanda na nani? Kosgei?"

"Kosgei ameogopa. Nimekuja na mzigo wangu, Mama Mkia. Nimemvuta kama mbuzi wa sokoni, nakwambia. Pale shingoni alikuwa anatetemeka, ananililia turudi. Kama si mimi angekuwa chini saa hii."

Gedion akacheka. Valarie akacheka zaidi. "Kwa hivyo mkia umefika juu!" alisema, na simu nzima ikajaa kicheko. Mathenge alikuwa anacheka pia, akijipiga paja, chai ikimwagika.

Alipokata simu bado alikuwa na tabasamu. Akageuza uso kuelekea alikodhani mkewe yuko, akakosea kidogo.

"Unajua, Mama Sue," alisema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "ningeoa mtu wa milima ningefika hapa kitambo. Miaka yote hiyo nimekuwa nikigeuka nyuma kukungoja."

Wangare alifunga chupa ya chai. Aliikaza sana.

"Naenda haja," alisema.

"Usikawie. Na uniachie mkate."

"Usisimame hapo. Kaa kama ulivyo."

Alishuka hadi shingoni. Mwanzoni alidhani kweli anakwenda haja. Lakini miguu ilipita kichaka, ikapita kingine, ikavuka shingo yote mpaka akajikuta kiganja chake kiko kwenye jiwe la kwanza la ule ufa. Jiwe lilikuwa baridi. Akafungua leso, akaiacha chini. Akaingia.

Hakuna aliyewahi kumfundisha, ila alikuwa ametazama migongo ya wengine kwa miaka. Aliweka mgongo ukuta mmoja na viatu ukuta wa pili, akajisukuma kidogo kidogo. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi ya sindano na mkasi, vikashika pale ambapo hapakuwa na pa kushika. Nusu ya njia kipande cha mwamba kilimeguka chini ya kisigino chake, akaning'inia kwa viwiko, na mkojo ukamtoka. Hakurudi. Alisikia mtu akinguruma, kisha akagundua ni yeye mwenyewe. Akaupandisha mguu, akapata ufa mwingine, akajivuta, akainuka juu ya Pembe Kubwa akiwa na damu magotini.

Nguzo ilikuwa pale. Saruji tupu, ya kijivu, yenye kuvu upande mmoja, na mtu alikuwa ameandika jina la kikundi chao kwa rangi nyekundu. Ilimfika kifuani. Wangare aliikumbatia kwa mikono miwili, akaweka kipaji cha uso juu yake. Mawingu yalikuwa yamefunguka upande wa mashariki, akaliona bonde lote lililojaa mwanga, na mbali, ziwa. Alihisi furaha kubwa, safi, ya mtu mmoja peke yake. Halafu akatazama ng'ambo ya shingo, chini yake, akamwona mumewe akitafuna mkate juu ya Pembe Ndogo.

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu waoane.

"Mathenge!"

Kule chini kichwa kiliinuka.

"Mathenge! Mimi ndiye niko juu!"

Alimwona akigeuza uso huku na huku. Kisha akauinua, taratibu, mpaka ukatazama moja kwa moja kule sauti ilikotoka. Mkate ukamtoka mkononi.

"Uko wapi wewe?"

"Pembe Kubwa! Nimeshika nguzo! Hakuna aliyeivunja! Wewe umekaa Pembe Ndogo, mahali watoto wa shule wanapandishwa wakipewa biskuti!"

Upepo ulikuwa ukivuma shingoni. Kisha Mathenge akaanza kusimama.

"Kaa chini!" Wangare alisema.

"Nakuja huko."

"Kaa chini, nakuja kukuchukua!"

"Nimesema nakuja huko, malaya wewe!" Alikuwa amesimama wima, fimbo mbele, akipiga mwamba kulia na kushoto. Alikuwa amegeuka, hakujua tena mahali alipopandia.

Wangare aliona kila kitu. Aliona ngazi ya mawe aliyompandishia, na aliona upande wa pili, mahali ambapo mwamba ulikuwa umeliwa kutoka chini ukabaki kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Sauti yake yote ya kejeli ikamkauka.

"Njia iko mkono wako wa kulia!" alipiga kelele. "Kulia, Baba Sue! Kushoto hakuna kitu!"

Mathenge alisimama. Akafikiri. Hata kutoka mbali ule mkunjo wa shingo Wangare aliujua, ule wa mtu aliyeuziwa misumari feki na sasa hauziwi tena.

"Kwa hivyo ni kushoto," alisema.

Alipiga hatua kama mwenye nyumba. Ukoko ukakubali mguu wa kwanza, ukakataa wa pili. Hakupiga kelele. Fimbo ndiyo iliyosikika, ikigonga, na mawe yakimfuata.

Wangare alikaa chini, mgongo kwenye nguzo. Angeweza kusema baadaye kwamba miguu ilikuwa inatetemeka na kwamba hakuna mtu anayeweza kuushuka ule ufa kwa miguu inayotetemeka. Ni kweli ilikuwa inatetemeka. Lakini pia alikuwa na chungwa mfukoni, akalimenya, akalila, kipande baada ya kipande, akitazama ziwa. Kutoka chini ilianza kusikika sauti ya mtu anayelalamika. Alimaliza chungwa, akafuta mikono kwa majani, ndipo akashuka.

Mathenge alikuwa amedakwa na rafu ya mwamba yenye vichaka, si mbali sana chini ya kilele. Mguu wake ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Wangare alimfikia akitambaa, akamweka mkoba chini ya kichwa, akampigia simu Kosgei. Kisha wakangoja, naye Mathenge akatetemeka, meno yakigongana.

"Uliifikia kweli?" aliuliza hatimaye.

"Niliifikia."

"Nguzo iko nzima?"

"Nzima."

"Iko aje?"

Wangare alimtazama. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na damu, na macho yake mawili yasiyoona yalikuwa wazi, yakingoja. Alijua kwa nini anauliza. Alimjua mtu huyu kama anavyojua pindo la shati. Hakuwa anauliza ili ajue. Alikuwa anauliza ili akasimulie.

"Nyeupe," alimwambia. "Imepakwa rangi nyeupe yote, inang'aa. Na juu yake kuna msalaba wa chuma."

Midomo ya Mathenge ilisogea polepole, ikirudia.

Kosgei alifika na wanaume wa kijiji, blanketi na miti miwili. Walifanya kazi ngumu, wakamshusha akipiga mayowe. Walipofika kwenye njia ya ng'ombe, Kosgei alitembea kando ya Wangare.

"Mama, yeye anasema ameanguka akitoka juu. Lakini tumemtoa chini ya Pembe Ndogo."

"Ndio."

Kosgei alitazama magoti ya Wangare yaliyochubuka, akatazama tena njia. "Sawa," alisema.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Kule hospitalini Nakuru walimwekea vyuma, na daktari akamwambia Wangare kwenye korido kwamba atatembea kwa kushikwa, kama atatembea. Sue alikuja kutoka Nairobi, akalia, akarudi kazini. Kisha kikundi kikaja kumwona mgonjwa, Gedion na Valarie na wengine wachache, na maua, juisi, na matunda kwenye mfuko.

Mathenge alikuwa akiwangoja. Alikuwa ameomba anyolewe ndevu. Aliegemea mito, akasimulia safari yote, jinsi alivyoingia kwenye ufa, alivyobana mgongo, mwamba ulivyomeguka akaning'inia kwa viwiko. Aliyasimulia vizuri. Wangare alikuwa amemwambia mambo hayo mwenyewe, usiku mmoja alipomuuliza na kumuuliza. Wageni walisikiliza wakiwa wamesahau kukaa. Gedion machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Na Mama Mkia?" Valarie aliuliza.

"Huyu? Alibaki shingoni akisali."

"Na nguzo, mzee?" Gedion alisema. "Uliishika?"

"Niliishika kwa mikono hii miwili. Na bado naona kidogo, mnajua, naona vitu vyeupe. Ilikuwa inang'aa, rangi nyeupe kutoka chini mpaka juu. Nikapapasa ule msalaba wa chuma. Nikaubusu."

Chumba kikawa kimya.

Wangare alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, bakuli la uji mapajani. Aliwatazama mmoja mmoja. Aliona Gedion, ambaye kwa mkono wake mwenyewe aliandika jina la kikundi kwa rangi nyekundu kwenye saruji ile, akifungua mdomo na kuufunga. Aliona Valarie akimtazama Gedion, kisha akibana midomo, mabega yakimcheza, akigeukia dirisha. Mmoja aliyesimama mlangoni alizungusha kidole karibu na kichwa. Wengine walitazama viatu vyao, na vicheko walivyokuwa wamevimeza vikawa vinawavimbisha mashavu.

"Ndio, mzee," Gedion alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto mdogo. "Nyeupe. Ni hiyo hiyo. Hongera."

"Hongera sana," wengine wakasema, na wakaharakisha kuaga. Mlango ulipofungwa, kicheko kililipuka mbali kule kwenye korido, kisha kikazimwa, lakini toroli la chakula lilikuwa likipita na masahani yake, na Mathenge hakusikia.

Alilala kwenye mito akiwa amechoka, uso wake umejaa amani.

"Umesikia walivyonyamaza?" alisema. "Hawakuwa na la kusema. Hata Gedion."

"Nimewaona," Wangare alisema.

"Watalisimulia hili mji mzima."

"Watalisimulia."

Akakoroga uji, akachota kijiko, akakipuliza. Mathenge alisikia kijiko kikigonga bakuli, akafungua mdomo na kusogeza shingo mbele. Wangare akakisimamisha kijiko kabla hakijamfika, umbali mdogo tu. Mdomo ukakitafuta kulia, ukakitafuta kushoto, ukabaki wazi hewani.

"Kiko wapi?" Mathenge aliuliza.

"Sogea," alimwambia. "Sogea kidogo tena."